Ufunguo wa Sanduku la Marehemu

Shemeji aliingia bila hodi, inspekta na askari mmoja nyuma yake, akakanyaga kwa viatu vya tope kitambaa cheupe cha bi harusi kilichotandazwa sakafuni. Fundi cherehani akaukamata mkasi wake kwa nguvu. Miezi minne tangu azikwe mumewe, na huyu mdogo wa marehemu hajachoka tu!

"Huyo hapo," shemeji akasema. "Bunduki ya kaka iko sandukuni, uvunguni mwa kitanda chake, na kibali hana. Mkamateni."

Alichokitaka mtaa mzima ulikijua: mjane afungwe, nyumba ibaki wazi, ahamie yeye. Matusi yalishindwa kumtoa, vikao vya ukoo vilishindwa, sasa kaleta serikali. Mtu hana haya hata kidogo.

Inspekta, mama wa makamo mwenye miwani, hakuwa na haraka. "Ni kweli, mama?"

"Sanduku lipo. Lakini bunduki ni ya marehemu, si yangu."

"Ya nani, hilo mtaulizana mahakamani kwenye mirathi. Marehemu alikuwa na kibali. Kafa, kibali kimeishia hapo. Mimi natafuta jambo jingine: nani anayo sasa, nani anaweza kuitoa na kuitumia? Huyo anafungwa miaka, hata kama si mali yake."

Miaka! Fundi akatupa jicho mlangoni. Mabinti zake wawili walikuwa shuleni saa hiyo. Wakirudi wamkute nani?

"Umesikia?" shemeji akachekelea. "Fungasha virago."

Askari akalivuta sanduku la chuma kutoka uvunguni, akaligeuza kufuli mkononi. "Ufunguo?" akauliza.

"Sina," fundi akajibu.

"Basi vunja," inspekta akaamuru.

Askari akainua mtaimbo aliokuja nao, na hapo shemeji akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "We! We! Koma! Mali yangu hiyo, mrithi ni mimi!" Akachomoa shingoni kamba yenye ufunguo, akalifungua sanduku mwenyewe kwa mikogo. Bunduki ilikuwa inang'aa kwa mafuta mabichi.

"Naja kuisafisha kila mwezi," akajigamba. "Ufunguo nilimpokonya siku ile ile ya maziko. Mwanamke huyu utamwamini na kitu cha ukoo? Alikuja mara tatu kuuomba, eti airudishe kituoni! Nikamtimua."

"Mara tatu?"

"Tatu! Waulize majirani."

Inspekta akamwashiria askari, na pingu zikalia kwenye mikono ya shemeji.

"Mna wazimu? Ya kaka yangu hiyo! Mtu anaibaje cha kwao?"

"Hakuna aliyesema umeiba. Hata mahakama ikikupa iwe yako, miezi minne umeishika bila kibali. Aliyelala juu yake hakuweza hata kuigusa. Twende. Na wewe mama, kesho njoo uandike maelezo."

Jeuri yote ikamtoka shemeji. Mlangoni akageuka, macho mekundu. "Shemeji, jamani, mimi ni damu ya mumeo! Waambie!"

Fundi alitamani kumtukana mpaka koo likauke. Badala yake akapiga magoti, akaanza kusugua tope kwenye kitambaa cha watu.

"Niwaambie nini, shemeji? Umeshawaambia yote."