Kisanduku cha Akiba

"Eti Mama Lombe, ni kweli marehemu aliiba hospitalini?"

Mama Chitalu aliniuliza hivyo juu ya ua, mikono yake imo ndani ya beseni, anachambua dagaa wa kapenta. Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama maji ya bomba yametoka. Mimi nilikuwa naanika sare yangu ya akina mama wa kanisa. Niliendelea kunyoosha mikono ya ile blauzi kwenye kamba, maana nilijua nikigeuka upesi atanisoma usoni.

"Nani kasema?"

"Watu. Wanasema kuna mashine haionekani, na fundi alikuwa yeye."

"Ikionekana utaniambia," nikamjibu, nikachukua kapu langu la vibanio nikaingia ndani. Nilikaa kitandani, nikafungua Zaburi, nikasoma mstari uleule mpaka maneno yakawa mchanga.

Mume wangu Festus Sampa alikuwa mzee wa kanisa hapa Luanshya. Kapu la sadaka likimpitia, alikuwa akilishika kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto. Kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za hospitali ya misheni, na zilizougua sana alikuwa akizileta nyumbani. Alizifungulia kwenye meza tunayolia nshima, ugali wetu, skrubu zake akazipanga ndani ya kifuniko cha chombo changu cha chumvi. Mara ngapi nimetafuna chuma nikidhani ni jiwe! Presha ilimwangusha kwenye meza hiyohiyo, bisibisi mkononi.

Siku ya kugawa vitu vya marehemu, mjane hukaa sakafuni, uso ukutani, kitenge kichwani. Hasemi, hatazami. Sheria ya serikali inasema vingine, lakini siku ile sheria haikuja msibani. Mimi niliacha upenyo mdogo kwenye kitenge. Kwa hiyo niliona miguu zaidi ya nyuso. Nilivijua viatu vya shemeji yangu Goodson, vya kahawia, vyenye ncha iliyochongoka. Alipita na televisheni. Akarudi, akapita na redio. Akarudi tena, akapita na kisanduku cheusi, nyaya zimekizunguka, kikiwa kimefungwa nusunusu kwenye kitenge changu cha maua ya njano. Nikadhani ni kitu cha televisheni. Kwetu hakuna anayesimama mlangoni kuuliza hiki cha nani. Kilichokutwa nyumbani kwa marehemu ni cha marehemu, na cha marehemu ni cha ndugu. Mimi waliniachia sufuria, Biblia na meza.

Baadaye Bwana Kalaba, mkuu wa utawala wa hospitali, alinipa kazi ya kupika chai ofisini, kwa heshima ya mume wangu. Nilimshukuru Mungu, nikaanza.

Mvua zilipokuja, radi iliipiga kompyuta kubwa ya hospitali. Ndipo hospitali ilipojua Festus alikuwa anabeba nini kichwani. Habari za wagonjwa wote zilikuwa humo. Watu wakaulizana: nakala zake ziko wapi? Mmoja akakumbuka kwamba Festus aliunganisha kisanduku cha akiba, kikawa kinanakili kila kitu bila kusumbua mtu. Kiko wapi? Hakuna aliyejua. Nilipeleka chai kliniki ya kifua kikuu, nikamkuta mama mmoja kwenye benchi anaulizwa mwanawe alianza dawa lini na amemeza za aina gani. Alikuwa anamtazama mtoto usoni, kana kwamba jibu limeandikwa kwenye paji la uso wake. Basi kinong'ono kikaanzia hapo, kikafika mpaka kwa Mama Chitalu na kapenta zake.

Bwana Kalaba akasema yasitokee tena. Lazima kuwe na rejista ndani ya kompyuta, inayoonyesha kila mashine ipo wapi na inafanya nini. Kampuni moja ya Lusaka ikamletea bei yake. Aliisoma, akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena. Kisha akamwajiri Thokozile Jere aitengeneze hiyo rejista.

Thokozile alikuwa msichana wa Chipata, Mngoni, na Wangoni ni watani wetu Wabemba: wao hutuita wala nyani, sisi huwaita wala panya. Siku ya kwanza nilipomwekea kikombe, alikichungulia.

"Mama, chai ya Wabemba hii, haina mkia wa nyani ndani?"

"Tumeutoa," nikamwambia. "Tulisikia wewe unapenda wa panya."

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Nami nikacheka, na nikashangaa kuisikia sauti yangu ikifanya hivyo.

Hakuomba vitu vingi. Alichukua kompyuta kuukuu ya wahasibu, iliyong'oka kibonye kimoja, akaweka ndani yake programu ya bure. Vibandiko alivichapa kwenye karatasi ya kawaida. Tukavikata kwa mkasi na kuvifunika kwa utepe wa gundi, na utepe ulikuwa kazi yangu. Tulizunguka wodi kwa wodi. Nilidhani tunahesabu. Akaniambia, "Kuhesabu ni kazi ya stoo, mama. Mimi nataka kujua kipi kinaegemea kipi." Kila chumba alichoingia alishika mashine kichwani na kuuliza swali lake moja: "Nikikizima hiki, nani atalia?"

Maabara walisema atalia daktari wa wodi ya wanaume. Duka la dawa walisema watalia wao wenyewe. Kule wodi ya wazazi muuguzi alimtazama tu, akasema, "Jaribu uone." Yote hayo Thokozile aliyaandika, akayafunga kwa mistari kwenye kioo cha kompyuta, hii inaelekea ile, ile inaelekea nyingine, mpaka ikawa kama ukoo. Mimi niliitazama ile mistari nikafikiri juu ya nyumba yangu. Festus alipozimwa, ndipo nilipojua nini kilikuwa kimemwegemea.

Stoo tulikuta kisanduku cheusi chenye vumbi. Thokozile akakipindua. "Hiki kibovu. Vilinunuliwa viwili. Mwenzake ndiye wa akiba, na ndiye haonekani."

Utepe uliganda kwenye vidole vyangu.

Ndani ya rejista kila kitu kilikuwa na nafasi ya kuandikwa hali yake: kinatumika, kinatengenezwa, kimetupwa, kimeibwa. Ilikuwapo nafasi nyingine ya mtu aliyekuwa nacho mwisho. Bwana Kalaba alikuwa ametoa amri. Ijumaa rejista itasomwa mbele ya bodi. Kisichoonekana kitaandikwa kimeibwa, na jina la aliyekuwa nacho litawekwa hapo, na likishasomwa halifutwi. Kwa kisanduku cha akiba jina lilikuwa Festus Sampa. Ningepika chai ya bodi, nibebe sinia niingie, na wao wanalisoma.

"Mwanangu," nikamwambia Thokozile, "mimi nilikiona. Kilipita mbele yangu siku ya kugawa."

"Kikaenda kwa nani?"

"Kwa shemeji."

"Basi kamwambie akirudishe!"

Nikamweleza taratibu, maana kijana hajui mambo ya mjane. Mjane akidai kitu, ukoo utasema alikuwa anahesabu mali na mwili haujapoa. Watasema ndiyo maana mtu wake kafa. Na Goodson sasa ndiye baba wa binti yangu Lombe. Siku ya posa, wageni watakaa mbele yake, si mbele yangu. Nikimwita mwizi leo, nitamwomba nini kesho? Na nisipomwita, mwizi ni Festus.

Thokozile alikaa juu ya boksi la karatasi. "Sasa nani anaweza kumwambia?"

Nilimtazama tu. Hakukawia.

"Mtani," akasema.

Goodson alikuwa na duka lake la kunyoa karibu na soko. Tuliingia wakati watu wamejaa, mimi nyuma, kapu la mboga mkononi kama mtu aliyepita njia. Televisheni yetu ilikuwa ukutani kwenye rafu, inaonyesha mpira. Chini yake, kama kigoda, kisanduku cheusi. Kibandiko cha hospitali kilikuwa kimekwanguliwa nusu.

"Wala nyani, hamjambo!" Thokozile akapaza sauti. "Nimekuja kuchukua mali ya babu yangu."

Goodson akageuka na mashine ya kunyolea mkononi, meno yote nje. "Mngoni huyo! Jamani, ficheni panya wenu!"

Duka zima likacheka. Utani hauna mkubwa. Anayekasirika hutozwa kuku, na kuku wake huliwa mbele yake.

"Babu zangu walipovamia walichukua ng'ombe," Thokozile akaendelea. "Kitu kinachokamuliwa. Nyinyi mmechukua kisanduku, mmekikalisha televisheni kichwani. Kinatoa maziwa?"

"Hicho ni urithi, dada. Hata hakifunguki, kinadai neno la siri. Nimekifanya kigoda."

"Urithi wenye kibandiko cha hospitali! Basi na mimi nikifa mnirithie kitanda cha wodi."

Watu walipiga mapaja. Mzee mmoja mwenye povu kidevuni alisema, "Goodson, lipa ng'ombe wa watu!" Goodson alicheka pamoja nao, lakini niliona mkono wenye mashine umeshuka. Macho yake yalinipata mlangoni. Nikayaangusha yangu kwenye mboga.

Thokozile alimsogelea, bado anacheka, na hakushusha sauti. "Ijumaa bodi inasoma rejista. Hicho kigoda kina nafasi ya jina moja, mtani. Sasa hivi limo la kaka yako. Lako ni refu kidogo, lakini nitalibana."

Safari hii walicheka wachache. Yule mzee wa povu aliinua shingo kukitazama kile kibandiko. Sisi tukatoka.

Siku zilizofuata Goodson hakuleta kitu. Niliomba asubuhi, niliomba nikikoroga chai. Sikumwomba Mungu amwadhibu. Niliomba jina la Festus libaki lilivyokuwa, basi.

Ijumaa, bodi haijaanza kufika, mlango wa ofisi ulifunguliwa bila hodi. Nilitazama viatu kwanza. Vilikuwa vya kahawia. Goodson aliweka mzigo juu ya meza, karibu na birika langu. Ulikuwa umefungwa kwenye kile kitenge changu cha maua ya njano.

"Hicho hapo," akasema.

Thokozile alikifungua. Nywele za watu zilikuwa zimejaa kwenye matundu yake. Alizipuliza, akazitoa kwa ncha ya kalamu. Waya wa umeme haukuletwa, akachukua wa yule mwenzake mbovu. Kitaa cha kijani kikawaka, kikazima, kikawaka. Akakiunganisha na kompyuta, akaandika neno la siri la hospitali. Tulingoja, sote watatu tumesimama. Kisha majina yakaanza kupanda kwenye kioo, moja chini ya jingine, majina ya watu wa Luanshya, na mbele ya kila jina dawa zake.

"Yamo," Thokozile akasema kwa sauti ndogo. Akafungua rejista, akafika kwenye ile nafasi ya hali. "Mama, niandike nini?"

Aliniuliza mimi. Goodson alikuwa anakitazama kioo.

Neno lililongojwa na bodi, kimeibwa, lilikuwapo bado, na sasa lilikuwa na mtu wake. Lingeandikwa, na Mama Chitalu angelisikia kabla ya jioni. Lakini kwa nini kisanduku kilikuja kwangu? Festus alikileta akaze kitu fulani. Nilimwona akikifungua mezani, ingawa wakati ule sikujua ni nini. Hilo nalo ni kweli, na lilitangulia.

"Andika kilikuwa kwenye matengenezo."

Vidole vya Thokozile havikusogea. "Kwa nani?"

"Kwa Festus Sampa, nyumbani kwake. Kimerudishwa na mdogo wake."

Akaandika. Goodson alisoma mpaka mwisho, midomo ikimchezacheza. Nilimimina kikombe, nikamsogezea.

"Shemeji, chai ipo."

Alikitazama kikombe. Akaokota kitenge mezani, akakikung'uta nywele, akakikunja vizuri, akakiweka kwapani kama kitu chake. Alipofika mlangoni alisimama. Akarudi, akakiweka kando ya birika, akatoka.