Mlango wa Nyuma wa Bweni la Wasichana

Saa tatu asubuhi, Jumamosi moja ya Septemba 1996, kufuli lilikuwa bado linaning'inia kwenye mlango wa nyuma wa bweni la wasichana. Skolastika Likwata alilivuta, akaliachia. Alikuwa mwalimu wa fizikia na mlezi wa wasichana katika chuo cha ualimu nje kidogo ya Mitwero, kimoja kati ya vile vyuo vya watu binafsi vilivyochipuka baada ya milango ya biashara kufunguliwa. Wiki nzima alikuwa ameomba jambo moja tu: mlango huo ufunguliwe kabla ya zoezi la moto.

"Mlango ukiwa wazi, leo usiku wote wako disko Lindi," alikuwa amejibiwa na Valentini, mwenyekiti wa kamati ya dharura. Funguo alizitundika kiunoni, na alipotembea zililia.

Valentini alikuwa Mmwera, Skolastika Mmakonde, watani hao. Kwa hiyo kila alichokosa kukijibu kwa hoja, Valentini alikijibu kwa utani, na katika utani anayekasirika ndiye mwenye kosa.

"Mtani wangu huyu msameheni," aliwaambia wajumbe katika kikao cha wiki hiyo. "Kwao Newala maji hakuna. Moto lazima umnyime usingizi."

Wajumbe walicheka hadi wakafuta macho. Skolastika alingoja wamalize.

"Kuna msichana bwenini, Imani, ana pumu," alisema. "Madirisha yana nondo. Mlango wa mbele ukizibwa, watapita wapi?"

"Watapita mbele, mtani. Wakitokea nyuma mgeni rasmi atawaonaje?"

"Zoezi ni la kutoka au la kuonwa?"

"Wewe fundisha fizikia. Shughuli tuachie wenyewe."

Shughuli kweli waliijua. Kamati ilikuwa imepanga nani atamvisha mgeni shada, nani atamshikia mwavuli, na soda ipi ianze kufunguliwa. Mitungi miwili ya kuzimia moto ilikaa ofisini kwa Mkuu wa chuo, Mwalimu Abdurahmani, ikiwa bado ndani ya nailoni, kwa kuwa nje ingeibwa. Ndoo za mchanga zilipakwa rangi nyekundu asubuhi ileile. Aliyezigusa aliondoka na viganja vyekundu. Skolastika alikwisha kuwapima watu hawa na hakuona sababu ya kupima tena. Ungewaambia nyumba inaungua, wangeuliza kama diwani kapelekewa mwaliko.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Makumbi ya nazi yawashwe ndani ya pipa mbele ya bweni. Wasichana wakae ndani na sare zao. Mgeni akishaketi, kengele igongwe, nao watoke mbio kwa mlango wa mbele huku wakishangiliwa. Ili picha zitoke vizuri, barazani pa bweni palijengwa kibanda cha makuti mapya, kikapambwa kwa maua ya bogenvilia. Bweni lilitazama kusini, na upepo wa Septemba hutoka kusini. Hilo hata mbuzi wa Mitwero walilijua; walikuwa wamelala upande wa pili wa nyumba.

Wasichana waliingizwa ndani. Mgeni hakutokea. Gari la chuo lilikuwa limemfuata Lindi mjini, na Valentini alikwenda nalo ili awe wa kwanza kumpa mkono. Funguo zilikwenda naye. Makumbi yaliwashwa mapema, ati moshi ukolee.

Moshi ulikolea. Upepo ulipandisha cheche kutoka kwenye pipa, zikatua juu ya makuti, na kibanda kikashika moto chote. Mlango wa mbele haukuonekana tena. Ndani wasichana walipiga kelele.

Uwanjani watu walipiga makofi.

"Wanajua kuigiza hawa!" alisema mjumbe mmoja wa kamati.

Skolastika aliinama sikioni kwa Mkuu. "Mkuu, ule ni moto. Kengele igongwe, watu wabebe maji."

"Subiri kidogo, Mwalimu. Tukigonga sasa, mgeni akija atakuta nini?"

Skolastika alikwishaondoka. Kengele ya chuo ilikuwa rimu la lori lililotundikwa kwenye mkorosho, na pembeni yake kipande cha nondo cha kuligongea. Alikichukua kile kipande, akalipiga rimu mara moja kwa nguvu zake zote, akakimbia nacho nyuma ya bweni. Kufuli hakuligusa, lilikuwa kufuli zuri. Alipenyeza nondo chini ya komeo, pale skrubu fupi zilipoushika ubao ulioliwa na mchwa, akaegemea kwa uzito wake wote. Komeo lilichomoka pamoja na kufuli lake.

Walitoka wakikohoa, wengine kwa magoti. Wa mwisho alikuwa Mboni, kiranja wa bweni, akimburuta Imani kwa makwapa. Midomo ya Imani ilikuwa imebadilika rangi. Walimkalisha, wakamlegeza kola, Skolastika akamshika mgongo na kuhesabu naye pumzi. Upande wa mbele wapishi walimwagia makuti maji ya kupikia pilau, yakazimika. Mitungi haikutoka ofisini.

Ndipo gari likaingia. Valentini alizunguka nyumba, funguo zikilia.

"Nani kawatoa hawa? Mgeni kafika! Rudini ndani, tuanze."

Hakuna aliyesimama.

"Mwalimu, ndani hakuna hewa," alisema Mboni.

"Mtani," alisema Skolastika bila kuinua kichwa, "kwetu maji hakuna. Milango ipo."

Msichana mmoja alicheka, kikohozi kikamkata, akacheka tena. Valentini alikwenda kumwonyesha mgeni rasmi mahali pa kuketi.

Hotuba zilisomwa. Mgeni aliisifu kamati kwa maandalizi.

Baada ya chakula Valentini alimtuma fundi na skrubu ndefu, akaurudishe mlango katika hali yake. Fundi alikuta bawaba tupu. Mlango ulikuwa umelazwa juu ya matofali kivulini, umetandikwa kanga, na Imani amelala juu yake, anapumua. Mboni na wenzake walikuwa wameketi pande zote nne.

Fundi alirudi na skrubu zake mfukoni.