Anayepimwa Hatazami Futi

Msimwite Mahmudu mpumbavu mbele yangu. Najua mkisikia kwamba fundi mzima wa Nyamugari alitoa cherehani ya marehemu baba yake akapokea kijitabu cha fotokopi, mtacheka. Chekeni basi, mmalize, halafu mnisikilize. Mpumbavu hadanganywi namna ile. Hudanganywa mtu ambaye maji yamemfika shingoni, na akishikishwa unyasi anaushukuru.

Mwaka ule wa 2001 Mahmudu alikuwa na miaka ishirini na moja, akishona kwenye kibaraza pale Nyamugari, Gitega, na dada yake Riziki akipiga pasi na kuweka vifungo. Baba yao alikuwa ameuawa barabarani miaka minne nyuma, gari alilopanda lilipovamiwa. Mwaka uliofuata mama yao, Amisa, alikwenda Muyinga kwenye msiba wa ndugu yake, na akiwa huko huko risasi zikaanza. Akakimbia na wenzake mpaka wakavuka mpaka wa Kobero wakaingia Tanzania. Tangu siku hiyo alikuwa huko, kambini kwa wakimbizi, na wanawe wakabaki Gitega.

Barua ilikuja mwezi wa kumi, imeletwa na dereva wa lori. Iliandikwa na jirani wa mama kambini, na haikuwa ndefu. "Mama yenu macho yanamwishia. La kushoto limeshafunga. Anaomba auone uso wa Mahmudu kabla la kulia halijafunga."

Mtu angesema, si aende tu? Haya, nendeni nyinyi. Kijana wa umri ule, peke yake, kwenye barabara ya kwenda mpakani, alikuwa akisimamishwa kila kizuizi na kuulizwa ametoka upande gani wa vita, na jibu lolote ambalo angetoa lilikuwa baya. Waliokwenda hivyo wengine hawakuonekana tena. Riziki ndiye msimtaje kabisa, barabara ile haikuwa ya binti. Mahmudu aliiweka barua chini ya mkeka wa kuswalia, na kila akiinama kusujudu aliisikia inakwaruza. Alikuwa hali vizuri, halali vizuri.

Sasa, palikuwa na njia moja. Donatien, Mkongomani wa Kivu ya Kusini aliyekimbilia Muyinga akawa mwalimu wa michezo huko, alikuwa anaunda timu ya basketi. Timu hiyo ingevuka Kobero baada ya Idi kwenda kucheza ng'ambo, mechi za ujirani mwema, na uwanja mmojawapo ulikuwa karibu na kambi ile ile. Wachezaji wangepita kwa orodha moja yenye mhuri, na mwenye jina kwenye orodha haulizwi chochote. Donatien alipopita Gitega alimwona Mahmudu akicheza uwanjani.

"We uko muzuri, kijana," alimwambia. "Mikono yako iko myepesi. Lakini uko mufupi. Mi nataka mutu mwenye kushika ringi. Njoo Muyinga siku tatu mbele ya Idi. Ukishika ringi, jina yako iko kwa liste. Usiposhika, unisamehe."

Akamwandikia karatasi ya kumwita majaribioni, ya kumfikisha Muyinga tu, na msafara wa malori. Mahmudu aliruka palepale ili amwonyeshe. Vidole vyake vikaishia kwenye wavu, shubiri nzima chini ya ringi. Shubiri moja ndiyo iliyokuwa kati yake na macho ya mama yake.

Wiki haikupita, akatokea mtu aitwaye Waziri. Huyu alitoka Bujumbura, amekulia Kigoma, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha redioni, hakina kigugumizi. Maneno yake yangemtoa nyoka pangoni. Alibeba kijitabu cha kurasa kumi na mbili na picha ya mtu aliyening'inia kwenye ringi.

"Ndugu yangu, kimo ni cha Mungu, lakini kuruka ni elimu," alisema. "Sentimita thelathini kwa wiki sita. Usipozipata, nakurudishia chako chote. Soma barua hii ya kijana wa Mutaho, imeandikwa kwa mkono wake."

Kijana wa Mutaho alikuwa ameandika kwamba amepata thelathini na tatu. Nani angekwenda Mutaho kumuuliza? Mwaka ule hata wauza ndizi wenye baiskeli zao waliiogopa njia hiyo.

"Kaka," Riziki alisema Waziri alipotoka kunywa maji, "huyu anauza kuruka. Mbona yeye mwenyewe hajaruka hata mara moja hapa?"

"Mwalimu wa kuogelea si lazima awe samaki," Mahmudu alimjibu. Hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Alikuwa ameshaamua, na aliyekwisha kuamua hukasirikia swali zuri.

Waziri alitazama kibaraza chote, meza, mkasi, majora mawili ya kitenge, kisha macho yake yakatulia kwenye cherehani. Ndiyo aliyoitaka. Baba yake alikuwa amefunga kitambaa chekundu kwenye gurudumu la cherehani ile kabla Mahmudu hajazaliwa, na mezani palikuwa na alama ya pasi aliyoiacha Mahmudu mwenyewe akiwa na miaka saba, akachapwa. Alijiambia: cherehani nyingine ipo, mama mwingine hayupo. Mngemjibu nini?

Aliomba siku mbili tu. Katika siku hizo alimshonea mama yake gauni la Idi, la kijani, mikono mirefu, kwa vipimo alivyovikumbuka kichwani. Mama alikuwa ndiye mpindaji wa marinda wa baba miaka yote, na mshono mbaya aliujua hata kwa kuupapasa. Kwa hiyo Mahmudu alishona polepole. Alipomaliza, Waziri aliipakia cherehani kwenye baiskeli ya kukodi akaipeleka alikojua.

Kabla ya hapo, lakini, Waziri alimpima Mahmudu. Na hapa ndipo penyewe.

Kuna jambo ambalo kila fundi wa Nyamugari hufundishwa kabla ya kushika mkasi: anayepimwa hatazami futi. Akiinama kuitazama, bega linashuka, mgongo unapinda, kipimo kimeharibika. Mteja husimama wima, macho mbele, na kumwachia fundi. Baba alimpiga kofi Mahmudu mara nyingi kwa kuinama. Na fundi hajipimi mwenyewe, kama vile kinyozi hajinyoi. Basi Waziri alipotoa futi yake, Mahmudu alifanya kama watu wa kazi yake wanavyofanya. Alisimama kando ya ukuta wa kibaraza, akatazama mbele, akatii.

"Nyoosha mkono. Zaidi. Nyoosha bega, inuka kidogo kwenye vidole. Hapo." Waziri akapiga alama ya chaki. "Sasa ruka." Akapiga alama ya pili, akapima kati ya alama mbili. "Arobaini. Tutakufikisha sabini."

Kisha akaufuta ukuta kwa kiganja, na akamwonya asijipime tena mpaka wiki sita ziishe, maana kijitabu kilisema mwili ukijua unapimwa hugoma. Hata angetaka kujaribu ringi, asingeweza. Tangu Donatien aondoke, uwanja wa Gitega ulikuwa umejaa mahema ya watu waliokimbia vilima vyao, na nguzo za ringi zilikuwa zimeng'olewa zikawa kuni.

Mahmudu akaanza. Aliruka kutoka juu ya ukuta wa ua, mara mia asubuhi, mara mia jioni. Aliruka na mfuko wa mchanga mgongoni. Ramadhani ilipoingia akaruka akiwa amefunga, midomo imekauka mpaka inapasuka, na majirani wakitikisa vichwa. Siku moja milio ya bunduki ilikuwa karibu sana, akalala chini ya kitanda na Riziki toka asubuhi hadi magharibi. Ndiyo siku pekee aliyokosa. Magoti yalianza kuvimba wiki ya tatu. Ukurasa wa tisa ulisema maumivu ya goti ni mlango wa kuruka unafunguka. Riziki alimkanda kwa maji ya moto huku analia.

"Acha, kaka. Mama hataki umwendee na mkongojo."

"Bado wiki tatu," alisema.

Wiki ya sita Waziri alirudi. Safari hii alimpeleka ukuta mwingine, nyuma ya duka la jirani, akisema ule wa kibaraza una unyevu. "Legeza bega. Usijikaze, pumua, mkono ujiinue wenyewe. Hapo." Chaki. "Ruka." Chaki. Mahmudu alitazama mbele.

"Sabini na moja, mashallah. Umepata thelathini na moja."

Mahmudu alikaa chini akalia kama mtoto, mikono kwenye magoti yake yaliyovimba. Waziri akampa kalamu. Akaandika alichoambiwa, na aliandika kwa moyo wake wote: mimi Mahmudu, fundi wa Nyamugari, nimepata sentimita thelathini na moja, anayetia shaka aje aniulize.

Alifika Muyinga na msafara wa malori, gauni la kijani limekunjwa kwenye mfuko, siku tatu kabla ya Idi. Uwanjani palikuwa na vijana kama ishirini. Donatien alimkumbuka akamshika mkono. Kijana mmoja mrefu, jina lake Faridi, alimsogelea akitabasamu.

"We ndiyo Mahmudu wa Nyamugari?" Akatoa karatasi mfukoni. Ilikuwa fotokopi ya barua yake, mwandiko wake mwenyewe. "Mi nilitoa baiskeli yangu kwa sababu ya barua yako. Nimeanza juzi. Waonyeshe."

Mahmudu aliruka. Vidole vyake havikugusa hata wavu. Akasema hakujiandaa vizuri, akarudi nyuma, akaruka tena, na goti la kulia likatoa mlio ambao hata Donatien aliusikia. Mara ya tatu hakuinuka ila kidogo tu. Faridi alikuwa bado ameshika karatasi, anaitazama barua, anamtazama mwenye barua.

Hapo ndipo Mahmudu alipoiona hila yenyewe. Nyoosha bega, inuka kwenye vidole. Legeza bega, pumua. Ile alama ya chini ndiyo iliyoshuka, ya juu haikupanda popote. Yeye, aliyewazomea wateja wangapi wanaovuta tumbo ndani wakipimwa, kisha wanarudi na suruali inayowabana! Futi haikudanganya. Ilipima ilichopewa. Na yule kijana wa Mutaho huenda hakuwa mwongo, huenda naye aliandika huku analia.

Akamwendea Faridi, akamwambia kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Nimekudanganya. Sikujua, lakini nimekudanganya. Ichane hiyo karatasi, na usiruke tena." Faridi hakuichana. Alimtupia miguuni akaondoka.

Donatien alimketisha kwenye jiwe, akamfunga goti kwa kitambaa. Aliuona mfuko, akaliona gauni.

"Nani alishona hii?"

"Mimi. Ni ya mama. Mi ni fundi."

Donatien alilirudisha gauni mfukoni. "We ni fundi, na hukuniambia? Mungu wangu. Jezi zilikuja bila namba. Nilitafuta fundi mwenye cherehani, ashone, aende na sisi huko ng'ambo kama mutu wa vifaa. Nafasi ilikuwa moja. Leo asubuhi nimeandika mzee Hamissi wa pale sokoni, na liste imepigwa muhuri." Alishika kichwa chake. "Ungelikuja jana tu na cherehani yako, ungelienda."

Mahmudu aliinuka, akaenda sokoni akichechemea, maana alitaka kumwomba mzee huyo ampelekee mama gauni.

Mzee Hamissi alikuwa chini ya bati, anashona namba saba kwenye jezi nyekundu. Mahmudu hakumtazama mzee. Alitazama gurudumu, lenye kitambaa chekundu kilichopauka. Alitazama meza, na alama ya pasi pembeni.

"Cherehani nzuri, mzee," alisema.

"Nzuri kabisa. Nilibadilisha na mbuzi wangu wote, kwa kijana mmoja mwenye maneno mengi. Bila hii nisingepata safari." Mzee alisimamisha mguu, akafuta jasho. "Wajukuu wangu wako huko miaka nane. Mdogo simjui sura."

Mahmudu alikuwa amekwisha kufungua kinywa. Maneno yote yalikuwa tayari: hii ni ya baba yangu, mwulize mtu yeyote wa Nyamugari, na safari hii ni yangu. Alikifunga. Akatoa gauni mfukoni, akamtajia mzee jina la mama na sehemu anayoishi kambini. Hamissi akalipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole kwenye pindo, kama mafundi wote wanavyofanya.

"Mshono huu mzuri sana. Na akiniuliza kwa nini hukuja?"

Mahmudu alifikiri. Alijua jicho moja bado linaona kidogo, na litalisubiri lori, litatafuta uso. Alijua litafunga. Aliweka kiganja juu ya meza, juu ya ile alama ya pasi.

"Mwambie cherehani ya baba bado inafanya kazi, haipoi, ndiyo iliyonizuia," alisema. "Mwambie umeiona kwa macho yako."

Mzee alisema atamwambia, akarudisha mguu kwenye kanyagio, maana zilibaki jezi tano.