Ishirini na Sita ya Maige

Kwandu alipewa kiti, akakiacha. Alisimama mbele ya meza ya daktari, daftari la shule kwapani, vumbi la safari ya bodaboda kutoka Kasoli bado miguuni.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Majibu ya mzee ni mazuri," alisema Daktari Tajudin akimsogezea karatasi. "Kipimo cha ini ni ishirini na sita. Kawaida ni mpaka arobaini."

"Kawaida ya nani?"

Daktari akanyanyua macho.

Figo za Maige, mume wa Kwandu, zilikufa mwaka juzi, na mara tatu kwa wiki alilala chumba cha pili akisafishwa damu kwa mashine. Kila jibu alilopewa, Kwandu alilinakili. Aliishia darasa la saba, lakini kusahau hakujui. Nyumbani kila ng'ombe alikuwa na mistari yake ya mkaa ukutani, vikombe vya maziwa vya kila asubuhi. Ng'ombe wake Mabala aliposhuka kutoka vikombe sita hadi vinne, mashemeji walimcheka: vinne si ni vingi kuliko vya ng'ombe yeyote wa jirani? Wiki ya pili kiwele kikaoza. Ng'ombe alikufa, na waliocheka bado anawakumbuka mmoja mmoja.

Alifungua daftari. "Nane. Tisa. Nane. Kumi. Tisa. Mwaka na nusu, hivyo hivyo. Mwezi uliopita kumi na saba. Leo ishirini na sita. Imefika karibu mara tatu ya kawaida yake, na wewe unanipongeza."

"Mayu, vimeng'enya vya ini hupanda na kushuka. Chini ya arobaini hatuhangaiki."

"Arobaini ni ya wenye figo zao. Wenzake wote mle ndani nimewaomba karatasi. Januarius kumi. Thomasi saba. Yule mama wa Lamadi kumi na mbili. Watu sita, aliyevuka kumi na tano ni wangu tu. Mnampima kwa kipimo cha mtu mwingine."

Muuguzi Scola, aliyekuwa akipanga mafaili, aligeuka taratibu. "Daktari, hilo ni kweli. Wanaosafishwa damu vimeng'enya vyao hukaa chini. Ini linaweza kuumwa na karatasi ikasema kawaida." Akafungua faili la Maige. "Na virusi vya ini alipimwa siku ya kuanza tu. Ilitakiwa turudie kila miezi sita."

"Niliomba," alisema Kwandu. "Tarehe nne Machi mkasema vitendanishi vya kupimia vimeisha. Tarehe kumi Juni mkasema nisubiri. Nimesubiri mpaka leo asubuhi."

Daktari alifunga kalamu, akanyanyuka. "Twende."

Maige alipowaona wakimjia wote watatu alicheka kitandani. "Kwandu, umekuja kunikamua?"

"Lete kidole, acha maneno."

Tone la damu likaangushwa kwenye kipimo kidogo cheupe. Kwenye vitanda vyote shingo zikarefuka. Mstari wa kwanza ukatokea. Kwandu aliushika ukingo wa kitanda na kuhesabu pumzi. Taratibu, kama mkaa hafifu ukutani, ukaja wa pili.

"Homa ya ini, aina ya C," alisema daktari kwa sauti ya chini. "Tutapeleka damu Mwanza kuthibitisha. Lakini mayu, nisikilize. Hii ina dawa. Vidonge, wiki kumi na mbili, na wengi hupona kabisa. Tungesubiri mpaka ifike arobaini, huenda ini lingekuwa limekwisha kuharibika." Akakiweka kipimo kando. "Ulikuwa sahihi. Mimi sikuwa."

"Wiki kumi na mbili," alisema Maige. "Hata pamba haivunwi upesi hivyo." Macho yake yalikuwa yameloa, na yale ya mkewe pia, ila Kwandu alikuwa anacheka.

"Na hawa wengine?" aliuliza Kwandu, akimgeukia daktari. "Wanatumia chumba hiki hiki."

"Wote. Leo."

Scola alikwisha kukimbilia maabara. Kwandu alivuta kiti, sasa akakaa, akafungua ukurasa mpya.

"Anza na mimi," alisema Januarius, mkono tayari umenyooka. "Mimi ndiye niliye karibu na mlango."

"Kidole ulikuwa unakikunja sasa hivi kwa kuogopa sindano, nimekuona," alisema Kwandu, akaandika jina lake juu kabisa ya ukurasa.