Ndege wa Kijani

Kila asubuhi binti huchemsha chai, humpelekea mama yake kikombe, kisha hukaa mezani kufungasha programu za bure ili watu wazipakue bila tabu. Wiki hiyo alikuwa anafungasha ile inayoifanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani. Kabla hajanywa funda la kwanza aliiwasha kuijaribu, na msichana akatokea kwenye kiti cha pili, akichapa.

Alikuwa mama yake, wa zamani zile.

"Ulikuwa mwembamba!"

"Nilikuwa sijakuzaa," mama alisema kutoka mlangoni. "Mpe mto. Kiti cha ofisini kilimuumiza mgongo."

Binti akaweka mto. Msichana alichapa mpaka kwenye kioo cha kompyuta akachomoza ndege wa miraba midogo ya kijani, yule aliyemsalimu kila aliyewasha mashine hizo za zamani. Ndege akatoka kwenye kioo, akazunguka dari polepole. Mwanga wake ulipita juu ya vikombe, mapazia na nyuso zao, chumba kikawa kama kiko chini ya maji, na hakuna aliyetaka kupepesa macho. Kisha akatua begani kwa mama.

"Kumbe ni wako."

"Mimi nilikuwa mpiga chapa tu. Kunywa chai, itapoa."

Mkono wenye saa nzito ukatokea nyuma ya msichana, ukafuta jina lake kwenye mstari wa mwisho, ukaandika la bosi wake. Msichana akaendelea kuchapa.

Kila kinachofungashwa, lazima atajwe aliyekitengeneza. Binti akamwandikia mkaguzi wa vifurushi vya programu kwamba ndege ni wa mama yake, na anakaa begani kwake. Mkaguzi alijibu kwa upole. Nyumbani kwake, alipoijaribu, ndege huyo alitua juu ya kabati la vyombo, na alikuwa mzuri mno. Lakini jina linalotajwa ni lile lililomo ndani ya programu.

Kifurushi kikatoka na jina la bosi.

Kesho yake binti aliiwasha tena. Mkono ulipotokea, akabonyeza kitufe cha kusimamisha. Mkono ukaganda hewani. Mama akautazama mpaka chai yake ikapoa.

"Iachie iendelee," akasema.

Mkono ukafuta, kama jana. Mama akasimama nyuma ya msichana, ndege begani.

"Bosi," akasema, "huyo ndege nimemchora mimi."