Mtu wa Safu ya Kumi na Moja

Khatibu nilimfundisha mimi kushika brashi. Alipofika mtaani kwetu Jeppestown, huku kusini mwa Afrika, kutoka Unguja, hakujua hata kupiga mstari kwa uzi wa chaki. Kwa hiyo mwaka 2017, yule mama wa Kijapani alipokuja karakana yetu kutafuta mtu wa kuandika shairi lake ukutani, nilijua kazi ni yangu.

Shairi lenyewe lilikuwa neno moja tu, "mtu", kwa maandishi ya kwao: mikato miwili, kama miguu inayotembea. Neno hilohilo mara mia tisa, ukuta mzima. Alisema si la kusoma, ni la kutazama. Mimi niliacha shule darasa la tano, lakini nililielewa papo hapo: umati.

Alitujaribu wote wawili, kila mmoja aandike herufi hiyo mara hamsini. Zangu zilitoka sawasawa, huwezi kutofautisha ya kwanza na ya mwisho. Za Khatibu moja nene, moja imeinama, moja kama inachechemea. Akamchukua Khatibu.

"Anasema zako ni mhuri, papa Bakiri," alitafsiri Arlène, binti wa Kikongo anayefanya kazi kwenye jumba la maonyesho lenye ukuta ule. "Eti yeye anataka watu."

Miaka ishirini na miwili naandika mabango ya saluni, bucha na makanisa ya mji huu. Mhuri!

Siku tisa Khatibu alirudi jioni na kucha nyeusi. "Fundi, leo nimezaa watu mia."

"Angalia usizae mapacha."

Akacheka. Mimi sikucheka. Hata mke wangu Tabia alianza kumwekea mnofu mkubwa alipokuja kula kwetu.

Ijumaa ya ufunguzi alinipitia twende msikitini. Nikasema tumbo linaniuma. Alipopinda kona, nikaenda kwenye jumba. Emery, mlinzi wa pale, tunapanga naye nyumba moja Bellevue. Akasema, "Sharp, sawa mzee, pita."

Nilikuwa natafuta kosa, na nililipata. Safu ya kumi na moja, katikati: pengo. Mtu mmoja hayupo. Nilifurahi, sifichi. Kwenye kazi yetu, kuruka herufi ni aibu ya mwanafunzi.

Ningeondoka tu, aaibike mbele ya wageni. Lakini likanijia wazo baya zaidi: nilijaze mimi, halafu siku moja nimwambie kwamba kazi yake kubwa ilikamilishwa na mkono wangu. Brashi zilikuwa bado kwenye kopo la rangi nyeusi. Nikasikia viatu vya Emery vinakuja, nikapiga mikato miwili harakaharaka, nikatoka.

Saa tisa, Khatibu alipotoka msikitini, nikamwambia tumbo limepoa, tukaenda jumbani pamoja. Yule mama wa Kijapani amesimama mbele ya safu ya kumi na moja, mkono mdomoni. Arlène akatunong'oneza: pengo lilikuwa la dada yake huyo mama, aliyetoka nyumbani siku moja asionekane tena. Ukuta mzima uliandikwa kwa ajili ya pengo lile.

Khatibu alinitazama mara moja tu. Mkato wangu anaujua kama anavyojua kikohozi changu.

"Kosa langu, mama," akasema. "Mkono ulipitiliza."

Alinisitiri. Ningenyamaza, yangeisha.

Mama alisogea, akalitazama lile neno kwa muda, akasema kitu.

"Anasema inasikitisha kulifuta," Arlène akatafsiri. "Huyu ndiye mtu aliye hai kuliko wote ukutani. Anakupongeza, Khatibu."

Khatibu akainamisha kichwa, akapokea.

"Huyo ni wangu," nikasema.

"Fundi, nyamaza."

"Wangu! Tazama mkato wa kulia unavyoishia. Lini wewe umewahi kumaliza hivyo?"

Arlène hakutafsiri, na haikuhitajika. Mama alinitazama, akachukua kopo la rangi nyeupe, akanikabidhi.

Nilimfuta mwenyewe, nikipaka rangi mara mbili, mpaka pengo likarudi. Wageni walipoingia, wote waliishia kusimama mbele ya safu ile, wakipatazama pale nilipofuta. Nilisimama nyuma nikiwahesabu. Kati ya watu wote wa Khatibu, hakuna aliyetazamwa hivyo.