Uzinduzi wa Rejeta ya Oili

"Itifaki imezingatiwa! Leo, mbele ya umati huu mkubwa, uhandisi wa nchi hii hautakuwa tena kama ulivyokuwa jana," alitangaza Masila, akiwa amesimama juu ya kreti ya soda uani kwao Kabiria.

Umati huo mkubwa ulikuwa baba yake, Mzee Ndambuki, mama yake, dada yake Nzisa na nyanya yake Syokau, waliyemwita Susu, ambaye kwa sababu ya mtoto wa jicho alikuwa amegeukia tangi la maji akidhani ndilo linalohutubu.

Masila, kidato cha tatu, alikuwa nyumbani likizo fupi. Shuleni bwenini alisifika kwa kusoma matangazo ya uongo kwa sauti ya mwalimu mkuu. Safari hii, hata hivyo, kazi ilikuwa ya kweli. Gari la baba lilikuwa likichemsha oili kila liliponaswa kwenye msongamano, naye Masila alikuwa amelifungia rejeta ndogo ya kuipoza, iliyonunuliwa Barabara ya Kirinyaga. Kesho alfajiri gari hilo lingempeleka Susu hospitalini Upper Hill kupasuliwa jicho, miadi aliyoingojea miezi mitano. Magari mengine Susu alikuwa ameyakataa. Alisema haendi kukatwa jicho akiwa ndani ya gari la mtu asiyemjua mamake.

Baba alikubali kwa sharti moja tu: Wesonga, fundi wa mtaa, aikague kazi kabla injini haijawashwa.

"Ameshakagua, baba," Masila alikuwa amejibu. "Ametikisa kichwa kwa mshangao."

Ukweli ni kwamba Wesonga hakuwa amekanyaga pale. Masila aliona hakuna haja ya kumsumbua fundi wa watu, ilhali yeye mwenyewe alikuwa na alama ya B toa ya fizikia na video tatu kwenye simu.

Pua ya gari aliifunika kwa pazia la sebuleni, kama waheshimiwa wanavyofunika jiwe la msingi kabla ya kulizindua.

"Hilo pazia likishika oili, utalivaa kanisani," mama alimwonya.

Baba aliwasha injini, akatoka, akavua kofia. Katika nyumba ile hakuna kitu kipya kilichotumika kabla ya kuombewa, na maombi ya Mzee Ndambuki hayakuwa mafupi. Yalianzia kwa Ibrahimu, yakapitia kwa jamaa wote wa Kitui, kila mmoja kwa jina lake. Katikati ya Kitui, lango likalia. Wesonga aliingia kwa kunyata, akainamisha kichwa na wenzake.

"...na umbariki fundi wetu Wesonga, uliyemtumia kuikagua kazi hii..."

Wesonga akafumbua macho. Masila naye akafumbua lake moja, na hapo ndipo alipoona oili mpya, rangi ya asali, ikichuruzika chini ya pazia na kuelekea kwenye viatu vyake.

Injini isiyo na oili haichukui muda kufa. Akinyamaza, Susu hapelekwi kesho. Akisema, mhandisi mkuu anazikwa leo.

"AMINA!" alipiga kelele.

"Amina," wote wakaitikia kwa mazoea. Masila alikuwa tayari amejirusha ndani ya gari na kuzima injini.

"Wewe mtoto! Sijafika hata kwa Susu!" baba alifoka.

Wesonga alikwisha kupiga magoti. Alifungua chujio la oili, pale mabomba ya rejeta yalipoungwa na injini, akaingiza kidole, akatoa ringi mbili za mpira zilizoshikana.

"Nani amefunga hii? Ringi ya zamani imebaki kwa injini, na mpya imewekwa juu yake. Mpira juu ya mpira haushiki. Bahati imezimwa mapema. Nitafunga upya saa hii, kesho mtaenda."

"Lakini si wewe uliikagua?" baba aliuliza.

"Mimi? Mzee, mimi nimesikia tu kuna soda."

Nzisa alicheka hadi akaketi chini. Baba akaanza kukunja mikono ya shati, polepole, mkunjo kwa mkunjo.

"Masila," Susu aliita. "Kuja hapa."

Alikwenda, akimshukuru Mungu kwa mtoto wa jicho. Susu aliyeshindwa kutofautisha mjukuu na tangi alilipata sikio lake bila kupapasa.

"Sema."

Masila akakohoa, akanyoosha mgongo. "Kwa niaba ya kamati andalizi..."

Sikio likazungushwa.

"Ni mimi, Susu! Hakuna kamati! Fundi hakuona chochote, nilidanganya. Sikumwita kwa sababu nilijua angepata makosa."

"Mangapi?"

"Hili moja, Susu." Sikio likazungushwa tena. "Na bolti mbili zimebaki. Ziko mfukoni."